Msalaba Uliofunikwa Magunia

Fundi aliyesakafia kaburi la baba alikuwa kijana mdogo, na mimi sikumwamini. Alipomaliza kulainisha saruji alichukua magunia mawili ya katani, akayatumbukiza kwenye ndoo ya maji, akayatandaza juu ya kaburi yakichuruzika. "Dada, mwagilia asubuhi na jioni, siku saba," akaniambia. "Usiyafunue." Nikamwuliza anaficha nini. Akacheka, akidhani ninatania. Sikuwa ninatania. Harufu ya katani iliyolowa, imechanganyika na ya saruji mbichi, ilikuwa imenipanda puani na kunirudisha uani pa kanisa letu, nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, nimejibanza nyuma ya mti nikimchungulia baba yangu mwenyewe kama mtu anayemchungulia mwizi.

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: mimi ni mtu wa shaka. Nikipewa zawadi naigeuza chini kwanza. Nikisalimiwa kwa uchangamfu mno nauliza kuna nini. Mume wangu husema ningekuwapo siku ya uumbaji ningemwuliza Mungu udongo kautoa wapi. Namwacha aseme. Yeye hakulelewa kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Bariadi, katika miaka ile ambayo ninyi wa rika langu mnaikumbuka vizuri, miaka ya ruksa. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika kwa mche mmoja wa sabuni, na aliyekutwa na miche miwili alihojiwa. Leo yake mnadani kuna mitumba, kuna redio, kuna biskuti za kila rangi, na watu wa pamba wanakuja na mizani zao wenyewe wakisema uza kwa umtakaye. Wazee walivitazama vitu vile wakikuna videvu. Kukosa tulikuwa tumekuzoea, tulijua namna ya kukosa. Kupata ndiko kulikotutia wasiwasi, na kila mtu alimtazama mwenzake akijiuliza amevitoa wapi.

Uani pa kanisa palikuwa na msalaba wa mawe, mrefu kumpita mtu mzima, uliochongwa kwa jiwe la kijivu la vilima vyetu katika siku za padri wa kwanza kufika huku. Wengine walisema alikuwa Mjerumani, wengine wakasema hapana, Mholanzi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwona. Zamani kabla sijazaliwa tawi la mkuyu liliuangukia wakati wa dhoruba, likakata mikono yote miwili, ikabaki nguzo tupu. Mikono yenyewe ilikuwa imelala majanini, nasi watoto tuliikalia tukitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, baada ya mafundisho ya Ijumaa. Chini ya nguzo, karibu na ardhi, palikuwa na michoro mitatu mifupi iliyoelekeana kama ncha ya mshale. Leo naamini ilikuwa alama ya mchonga mawe, namna fundi anavyoacha sahihi yake. Lakini mwulize mtu yeyote wa kwetu alama kama ile ni ya nini, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: mali ya Mjerumani. Walipokimbia vita walifukia rupia zao na dhahabu, wakaweka alama ili waje wazifukue. Nimewafahamu watu wazima, wenye ng'ombe na wajukuu, waliochimba kuzunguka kila mwamba wenye mchoro, wakaambulia mchwa.

Sasa fikiria mnunuzi mmoja wa pamba anakuja na gari lake la kijani, anashuka, anasimama mbele ya nguzo ile, anatoa futi kamba na kuipima toka chini hadi juu. Halafu anasema atatoa saruji na nondo, msalaba usimamishwe upya, naye anachoomba ni kuweka mizani yake kivulini pale uani msimu ukifika. Kijiji kizima kilishika shavu. "Mtu wa pamba ana shida gani na msalaba?" watu waliulizana. Katekista wetu, mzee mfupi mkali aliyeongoza ibada Jumapili ambazo padri hakufika, yaani Jumapili nyingi, alikubali msaada ule, lakini hata yeye alimkagua mgeni kuanzia viatu hadi kofia. Mbele ya watu wote akaweka sharti. Vipande vyote vitakavyokuwa havifai vifukiwe chini ya msingi wa msalaba, kwa kuwa vilibarikiwa. Kisitoke uani hata kimoja.

Kazi akapewa baba. Baba alikuwa fundi mwashi, na watu walimwita Fundi Kimya. Ukimwamkia "Mwangaluka," atakuitikia "Mwangaluka." Ukimwuliza "Mhola?" atakwambia "Mhola duhu," salama tu, na mazungumzo yameishia hapo. Nyumbani hakuwa tofauti. Aliweza kula, kunawa, kukaa, na kwenda kulala bila kutumia maneno zaidi ya sita, na mama alisema alimposa kwa barua kwa sababu mdomo ulikataa. Mimi nilimpenda sana. Lakini mtu wa kimya katika kijiji chenye shaka yuko hatarini, maana asiyejisemea watu humsemea.

Aliposikia sharti la katekista aliitika kwa kichwa tu. Akajenga uzio wa mabua ya mtama kuzunguka msalaba, mbuzi wasiingie. Siku nyingi zilipita tukisikia patasi yake ikigonga ndani ya uzio bila kumwona. Akatoboa mashimo ya nondo, akaita wanaume sita wakainua mikono kwa kamba, akaiunganisha kwa saruji. Ncha ya mkono wa kushoto ilikuwa imechakaa isiweze kushika nondo, kwa hiyo aliiacha chini, akatengeneza nyingine kwa saruji. Kisha akafanya jambo lililotuharibia maisha. Aliufunika msalaba wote kwa magunia ya katani, akayafunga kwa kamba, na kila asubuhi na jioni akapanda ngazi na kopo lake akiyamwagia maji.

Saruji miaka ile ilikuwa adimu. Nyumba zetu nzuri zilikuwa za tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, na udongo ukishajenga unauacha ukauke. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona mtu akijenga kitu halafu akakivisha magunia na kukinywesha maji. Mimi mwenyewe nilimwuliza.

"Baba, mbona unaufunika?"

"Usikauke haraka," akasema.

Jibu hilo lilinitia mashaka kuliko kama angenyamaza. Nani hujenga kitu akataka kisikauke? Nilikwenda nikalirudia kwa wenzangu, wenzangu wakalipeleka kwao, na kufikia Jumatano ilikuwa imeshajulikana kwamba Fundi Kimya anaficha shimo na yale maji si maji. Ni dawa, anatuliza mizimu ya wenye mali. Alhamisi akaonekana amevaa viatu. Viatu vya ngozi, vya kahawia, vikuukuu, ambavyo yule mnunuzi wa pamba alimpa vilipombana. Baba hakumweleza mtu. Alivivaa tu, akapita navyo katikati ya kijiji, na macho yote yakamsindikiza miguuni.

Hapa inabidi niwaambie jina langu la nyumbani, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Naitwa Kulwa. Kwetu jina hilo halitolewi kwa kupenda. Kulwa ni pacha aliyetangulia kutoka, na nyuma yake lazima kuna Doto. Mimi nilikuwa na mdogo wangu Shija, jina la anayezaliwa baada ya mapacha, lakini Doto sikuwa naye. Watu wazima wakisikia naitwa Kulwa waliniuliza, "Na Doto?" halafu wakiuona uso wa mama wananyamaza. Mama nilipomwuliza alijibu, "Hayupo," na kunituma kuni. Ukimnyima mtoto habari atajitengenezea yake. Mama mdogo wangu aliishi Malampaka, karibu na stesheni ya treni, na alikuwa na binti wa umri wangu ambaye sikuwahi kumwona. Niliamua kwamba huyo ndiye Doto wangu, amekopeshwa, anasikiliza treni kila siku na kula mkate. Nilimwonea wivu miaka mingi.

Basi siku moja nilikuwa kisimani, ndoo yangu iko kwenye foleni, na mbele yangu akina mama wanaongea. Mama Limi, jirani yetu aliyeanza kuuza mitumba mnadani, ndiye aliyeshika usukani.

"Mali ya Mjerumani haitoki bure," alisema. "Ina mwenyewe. Inataka damu."

"Damu ya kuku?" mmoja akauliza.

"Wee! Kuku kwa dhahabu? Inataka mtoto. Tena mtoto mwenye bahati. Pacha."

Wakageuka wote wakaniona. Mama Limi akacheka kicheko kifupi, akanisogeza mbele ya foleni nichote kwanza. Kwetu hakuna mtoto anayesogezwa mbele ya foleni. Nikachota haraka, nikarudi nyumbani maji yakinimwagikia mgongoni, na njiani ile habari ya Malampaka ikaporomoka kichwani mwangu. Pacha mmoja hayupo, hakuna anayesema alikokwenda, mama anageuza uso. Na baba ana viatu.

Jumamosi hiyo, saa za mchana wakati watu wengi wako mashambani wakichuma pamba, baba alirudi na gunia begani. Nilikuwa ndani nikimbembeleza Shija. Kwa upenyo wa dirisha nilimwona akiliteremsha kwa mikono miwili, polepole, kama anavyomshusha mtoto aliyelala. Lilikuwa zito. Akalisukumia chini ya kihenge cha mtama, akasimama akitazama huku na huku. Baba yangu, ambaye hakuwahi kutazama huku na huku kwa jambo lolote, alikuwa anahakikisha kwamba hakuna aliyemwona. Nilirudi nyuma, na nadhani niligonga mlango kidogo.

Siku nne nilikula chakula kwa macho, nikisubiri yeye aonje kwanza. Siku ya tano, Alhamisi alasiri, akachukua sururu akaenda nyuma ya kihenge, kando ya uzio wa minyaa. Mahali pale mama alitukataza kucheza, akisema pana siafu, na mimi nilikuwa nimeshapachunguza nisione siafu hata mmoja. Baba akachimba kishimo. Hakikuwa kirefu kwenda chini. Lakini kilikuwa chembamba, cha kwenda mbele, na nilipotembea nikapita kando yake nikijifanya nafukuza kuku, nilijipima kwa macho. Ningekunja miguu ningeenea.

"Kulwa," akasema bila kuinua kichwa, "usikanyage hapo."

Sijui kama mtu mzima anaweza kuogopa kama nilivyoogopa jioni ile. Nilimpenda mtu yule. Nilijua namna anavyokohoa, namna anavyonyoosha kidole kilichopondwa na nyundo. Na nilikuwa na hakika kamili kwamba atanizika.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mafundisho yalipokwisha sikutoka na wenzangu. Nilibaki kwenye benchi mpaka katekista akaja na kuuliza kama nina homa.

"Katekista, baba amenichimbia shimo," nikasema.

"Shimo la nini, mwanangu?"

"La kunizika. Mali ya Mjerumani iko kwenye gunia, chini ya kihenge chetu."

Uso wake ulibadilika. Alinishika bega, akaniuliza mara tatu nimeona nini, na mara zote tatu nikasema vilevile. Akaniambia nisiogope, niende nyumbani, nisimwambie mtu. Nilipotoka nje msalaba ulikuwa umeshafunuliwa. Siku zake za magunia zilikwisha bila mimi kujua, na sasa ulisimama mzima na mikono yake, mzuri, kovu moja tu la saruji kwenye ncha ya kushoto. Sikuuona uzuri wake. Niliona hiyo ncha mpya na kujiambia, kile kilichokuwa hapo ndicho kilichokuwa na dhahabu.

Jumapili, baada ya ibada, nusu ya waumini walikuja kwetu. Walitembea mchana kweupe, na nguo zao za kanisani, katekista mbele. Kila mmoja alijua kinachoweza kumpata baba. Ukionekana umeiba kitu cha wote, kwetu unatengwa. Hakuna atakayekuamkia, hakuna atakayekupa moto wala maji, mke wako akipita kisimani wanawake wanafunga midomo, na watoto wako wanacheza peke yao mpaka wahame. Kulikuwa na familia moja ng'ambo ya mto iliyotengwa, nikawahi kuwaona wakipita barabarani bila mtu kuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba labda sikufikiri vizuri.

Baba alikuwa kwenye kigoda ananoa patasi.

"Mwangaluka, Fundi," akasema katekista.

"Mwangaluka."

"Tumekuja kuona gunia."

Baba aliweka patasi chini. Akamtazama mama. Halafu akainua macho akanitazama mimi, pale mlangoni, muda mrefu kidogo kuliko ilivyokuwa lazima. Akaenda mwenyewe chini ya kihenge, akalivuta gunia hadi katikati ya ua, akalifungua.

Lilikuwa jiwe. Ile ncha ya zamani ya mkono wa msalaba, kubwa kama kichwa cha ndama, imesuguliwa safi. Watu walisogea, wakasogea tena.

"Jiwe tu?" Mama Limi akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Wajerumani hawakuwa wajinga," akajibu mzee mmoja. "Limo ndani."

Akachukua nyundo ya baba mwenyewe. Hapo ndipo baba aliposogea. Alinyoosha mikono yote miwili mbele ya jiwe, akasema maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema hadharani. "Msilivunje. Nimekosa, nililichukua, nitalirudisha leo hii nilifukie mlipotaka. Nitengeni mkitaka. Ila msilivunje jamani, nawaomba." Kadiri alivyoomba ndivyo walivyozidi kuamini. Vijana wawili wakamshika mabega, bila kumuumiza, na yule mzee akapiga. Pigo la tatu jiwe likapasuka vipande vinne. Ndani palikuwa na vichengachenga vinavyometa. Watu waliruka, wakavisugua kwa mate na kwa pindo za nguo, wakavielekeza juani. Vilikuwa vichenga vilivyomo katika kila jiwe la vilima vyetu, vile tulivyokuwa tunavikwangua tukiwa tunachunga. Mmoja mmoja wakavitupa.

Katekista aliokota kipande kimoja, akakirudisha chini. Sasa akauliza polepole, "Na shimo, Fundi? Shimo la nini?"

 Baba alikuwa amechuchumaa anavitazama vile vipande. Aliyejibu ni mama, aliyetoka jikoni na unga wa ugali mikononi.

"Hapo amelala Doto," akasema.

Mama aliwageukia wanawake wazee waliosimama nyuma, akawataja mmoja mmoja kwa macho. "Ninyi mnajua. Ninyi wenyewe mlimzika. Aliishi siku tisa. Mto ulijaa, hakuna aliyevuka kuja kumbatiza. Mkaniambia mtoto wa siku tisa haliliwi, hawekewi tanga, hawekewi msalaba. Nikawasikia. Sikulia. Huyu mwanaume amekuwa akipita hapo miaka yote hii hasemi kitu. Alipoona kipande kile kinakwenda kufukiwa, akasema hiki kidogo hakitapungua kanisani, kitamtosha mwanangu." Akakung'uta unga mikononi. "Haya, mmeipata dhahabu yenu."

Najua mnatarajia niseme nililia. Nililia, lakini baadaye. Kwanza nilitazama ile ardhi kando ya minyaa, ile ambayo nilikuwa nimeichunguza nikitafuta siafu, na wazo lililonijia ni dogo na la kijinga: kumbe yule wa Malampaka si yeye. Miaka yote nilikuwa namwonea wivu mtoto wa watu. Doto alikuwa hapa, hatua ishirini kutoka ninapolala, na hakuna aliyeniambia. Kisha nikaelewa ni nani aliyewaleta watu hawa na nyundo yao, na hapo ndipo nilipokaa chini mlangoni nikalia mpaka Shija naye akalia asijue analilia nini.

Watu waliondoka kwa kupungua. Hakuna aliyeaga, walipungua tu. Katekista alivua kofia yake, akabaki mpaka wa mwisho. "Vipande ni vyako, Fundi," akasema. "Na Jumapili ijayo nitamtaja mtoto katika sala, kwa jina lake." Akatimiza. Mama Limi kesho yake alileta kapu la michembe, viazi vilivyokatwakatwa na kuanikwa, akaliweka kizingitini akaondoka bila kubisha hodi. Mama aliliacha hapo mpaka kuku wakalimaliza. Yule mnunuzi wa pamba aliweka mizani yake kivulini pale uani msimu ule na uliofuata, kisha hakurudi tena, na hadi leo wapo wanaosema aliichukua mali na kuondoka nayo.

Baba alikuwa amebakiwa na saruji kidogo kwenye mfuko. Jumatatu alivikusanya vile vipande, akavipondaponda kwa nyundo ileile iliyovivunja, akavifanya kokoto. Akavichanganya, akamimina kwenye kile kishimo bamba dogo, akachora juu yake msalaba kwa ncha ya mwiko. Akalitandazia gunia lililolowa. Halafu akaniita.

"Kulwa, njoo."

Nilikwenda nikijua kwamba sasa ndiyo siku yenyewe. Nilitamani anichape. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema ni mimi, ni mimi niliyesema. Akanipa kopo.

"Asubuhi na jioni," akasema. "Siku saba."

Nikamwagilia siku saba. Siku ya pili nilianza kuongea na Doto, kwa siri, nikimweleza habari za Malampaka. Baba hakuniuliza kitu siku hizo, wala mwezi huo, wala mwaka huo. Nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikarudi nyumbani kila mwaka, na kila mwaka nilitafuta machoni mwake kama anajua. Hivyo ndivyo nilivyopata tabia yangu hii. Mtu mwenye siri humshuku kila mtu kwamba ameishika.

Sasa baba amelala kando ya bamba lile dogo, alivyotaka mwenyewe. Jioni ya siku ya tatu baada ya kusakafia, mama na mimi tulikuwa tumekaa mkekani pale, yeye akipepeta karanga, mimi nikinusa magunia. Sikuweza tena.

"Mama," nikasema, "ile Jumapili ya jiwe. Aliyemwambia katekista..."

"Najua," akasema, ungo haukusimama.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshachuma fimbo ya mkwaju, inakungojea nyuma ya mlango. Baba yako akaichukua akaivunja."

"Alisema nini?" nikauliza. "Maneno yake hasa, mama, alisema nini?"

Mama aliweka ungo chini. "Alisema, ukimchapa mtoto kwa kusema alichokiona, kesho ataona nyoka chini ya kitanda na atanyamaza. Nikamwambia, basi tumwulize angalau kwa nini. Akasema, asiulizwe. Sisi ndio tuliomficha mwenzake."

Nilitafuta pa kushuku katika maneno yale, kwa mazoea tu, niliyageuza chini na juu. Sikupata. Magunia yalikuwa yameanza kukauka pembeni. Nilichukua kopo nikaenda kuchota maji, nikamwagilia baba, na yaliyobaki nikamwagia Doto, ingawa yeye hakuyahitaji. Zilibaki siku nne.